Siku ya Saba ya Foleni ya Unga

Saa nne asubuhi, binti wa miaka ishirini na minne amesimama mlangoni mwa mashine ya kusaga nafaka, mikono ameificha mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kushika vyombo. Unga umemkaa hadi kwenye nyusi. Ndani, simu iliyofungwa ukutani kwa mpira inatuma meseji yenyewe: "Mzigo wako ndio unaofuata. Njoo."

Hapaswi kuigusa simu hiyo mpaka saa sita mchana.

Ametuma maombi ya kazi sitini na tatu. Kampuni moja tu, ya kutengeneza programu, imemjibu la maana, nayo imempa sharti: alete programu aliyoiandika mwenyewe, iliyotumiwa na watu wengine siku saba mfululizo bila yeye kuitia mkono. Leo ni siku ya saba. Saa sita ndiyo mwisho.

"Tangu juzi chakula hakipiti," anasema, macho yameganda ukutani.

Mtaani wanamwita Injinia. Si sifa, ni utani unaochoma, maana amemaliza chuo miaka miwili sasa na bado analala chumba kimoja na wadogo zake. Riziki anaipata kwa kuwachapia wengine barua za kuomba kazi. Wateja wake wawili wameshaajiriwa.

Kila alipokataliwa, Injinia alianza programu mpya. Ya vipimo vya nguo. Ya ratiba ya kwaya. Mchezo wa hesabu wa watoto. Sita kwa jumla, zote zimeishia njiani.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi nikikata vitambaa sita nisishone hata kimoja, nani ataniita fundi?" anasimulia mama yake, mshonaji.

Hii ya saba, ya foleni ya unga, ndiyo ya kwanza kuimaliza. Msagaji anaingiza jina na namba ya simu ya mteja, mteja anaacha ndoo yake na kwenda zake, badala ya kula vumbi asubuhi nzima.

Saa nne na nusu anaingia bibi mmoja, pumzi juu juu.

"Ndoo yangu mbona bado ipo hapa? Mimi nimewatangulia wote hawa!"

"Umechelewa, bibi. Zamu yako imepita," msagaji anajibu bila kugeuka.

"Imepita vipi na meseji haijaja? Ya jirani yangu imeingia, yangu hamna. Na simu ni ile ile moja, tunatumia wote wawili!"

Injinia amelijua kosa kabla hajalitafuta. Aliiagiza programu kwamba namba ya simu ikijitokeza mara mbili kwa siku, ya pili ifutwe, kwa kuwa mtu huyo amejiandikisha mara mbili. Watu wawili wenye simu moja hawakumjia akilini hata kidogo.

Kusoma orodha hakukatazwi, kwa hiyo anamwomba msagaji amfungulie. Ndani ya siku saba wamefutwa watu kumi na mmoja, bibi akiwemo.

Msagaji anazima mashine. "Na wote niliwagombeza," anasema. "Yule mama wa mapacha nilimwita mvivu mbele za watu."

Kisha anashusha sauti. "Sikia, mwanangu. Imebaki saa moja na kitu. Bibi namsagia sasa hivi, yaishe. Nani atajua?"

Ni kweli, hakuna ambaye angejua. "Nilishakiona hadi kiti nitakachokalia," Injinia anakiri. Bibi amejikalia juu ya ndoo yake, anamtazama.

"Nisamehe, bibi. Kosa ni langu," anasema, na kuitoa simu ukutani.

Marekebisho yanachukua dakika nne. Barua kwa kampuni inamtoa jasho saa nzima, na anaituma saa sita kasoro dakika mbili: programu imeshindwa, si leo tu bali wiki nzima, waliofutwa ni kumi na mmoja, sababu ni hii, nimeigusa.

Siku tisa baadaye, kampuni iko kimya. Roho inamuuma na wala hafichi. Mama yake alijua programu ya nane iko njiani, lakini wapi!

Badala yake, Injinia anapita nyumba kwa nyumba na daftari lenye majina ya wale kumi waliobaki.

"Nikimaliza hawa, nitaipeleka programu kwenye mashine ya mtaa wa pili," anasema. "Kampuni ikiniita nitakwenda mbio. Isiponiita, barua ya sitini na nne nimeshaianza. Safari hii nina kitu cha kuwaambia."

Nyumba ya tisa ni ya mama wa mapacha. Anafungua mlango, mtoto mmoja kiunoni, uso umekunjamana.

"Mama, siku ile hukuchelewa," Injinia anamwambia. "Nilikufuta mimi."