Mchanga Uliofichwa Jua

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, chini ya vilima vya Nyambene, mume wangu Mutwiri aliporuhusu wageni wanaochunguza mitetemeko ya ardhi wachimbe handaki shambani kwetu. Pale ardhi ilikuwa imeshuka kama ngazi moja ndefu, na sisi tulikuwa tumeanza msingi wa nyumba papo hapo. Nilikuwa na mimba ya binti yangu Kinya.

Kiongozi wao alikuwa mama mmoja kutoka Embu, mtaalamu wa miamba, mpole wa sauti. Akaniita nishuke. Matabaka ya udongo yalikuwa yamekatika, upande mmoja umezama hadi magotini mwangu. Akapigilia bomba la chuma kwenye tabaka la mchanga, akalichomoa na kulifunika kwa kitambaa cheusi upesi.

"Mbona unaficha mchanga?"

"Huu unakumbuka siku ulipofukiwa, mama. Ukiona jua tena, unasahau. Tukiupima gizani tutajua umri wake, na mkato huu wa ardhi, kwa kuwa umeukata mchanga, ulitokea baada yake."

Nilibaki pale nikiwaza lile jua la mwisho, lilimwangaza nani, akichunga nini. Mtoto akacheza tumboni.

Mvua ziliporudi, yule mama naye akarudi na majibu.

"Kwa umri wa milima, ardhi hii ilivunjika jana."

"Itavunjika tena lini?" Mutwiri akauliza.

"Sijui, baba. Najua tu kwamba haijamaliza."

Mutwiri akapanda hadi juu ya shamba. Mahali pengine pa kujenga palikuwa kwenye miraa ya babu yake tu, miti mizee kuliko sisi sote. Basi baba mkwe, Mzee Baariu, akachukua panga.

"Miraa ikikatwa huchipua," akasema. "Mjukuu je?"

Akaukata mti wa kwanza mwenyewe, machozi yakimtoka.

Sokoni Kangeta walitucheka miaka na miaka, maana ardhi haikutikisika. Hadi leo haijatikisika. Mutwiri alikuwa akiwajibu, "Watoto wangu wanalala," basi. Kinya alikulia juu kule, na sasa wanawe wanalala chumba kilekile.

Mwanangu, tahadhari kabla ya athari. Lakini usingoje athari ije ndipo uamini ulifanya vyema. Ukiambiwa ukweli, hama, hata kama hakuna atakayekusifu. Mungu akupe pa kulaza kichwa, na wa kuukata mti wake akilia, kwa ajili ya mtoto wako.