Adui Aliyezungushia Kisima Miiba

Enzi zetu pale Mungaa hatukununua michezo dukani, tuliichimbua mchangani. Naandika haya Jumamosi, nyumbani kwangu Singida mjini, huku binti yangu Neema na wenzake wameizunguka meza ya sebuleni kwa karatasi, dadu na soda zangu. Wanacheza hadithi: kila mmoja ni shujaa katika nchi ya kubuni, na Neema ndiye anayeitunga nchi hiyo pamoja na maadui wake. Wiki iliyopita adui alikuwa mfalme wa giza mwenye mapembe. Wenzake walicheka, kisha wakashika simu zao. Neema akanifuata jikoni amenuna, akasema wakicheka tena hawatarudi. Nikamwambia akae, maana kwa kutunga maadui mama yake si mwanafunzi.

Nakumbuka tulivyochunga ndama wakati wa kiangazi. Midomo imepasuka kwa vumbi, mfukoni karanga za kukaanga, tumboni ugali wa uwele na mlenda ulioteleza wenyewe bila kutafunwa. Tulichora nchi nzima kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kokoto zilikuwa watu, magunzi yalikuwa ng'ombe. Dadu zetu zilikuwa punje za mahindi tulizozipaka mkaa upande mmoja. Ukizirusha nyeusi zikawa nyingi, umepiga. Zikiwa chache, umepigwa. Tulitunga adui kwa zamu, na ambaye adui wake aliuawa mapema ndiye aliyetumwa juani kurudisha ndama waliopotelea vichakani. Mimi nilikimbia sana. Zimwi langu lilikuwa na vichwa saba, na hakuna hata kimoja kilichojua kwa nini ni kibaya.

Ikafika zamu ya Mwanaidi, binti wa jirani, mtoto mkimya. Adui wake hakuwa na mapembe. Alikuwa mwanamke mwenye kisima pekee kilichobaki na maji, naye amekizungushia miiba. Tulimwendea na fimbo. Akatupokea vizuri, akatuuliza habari za nyumbani, kisha akakataa. Tukarusha punje, tukashinda, tukavuka miiba. Mwanaidi akasema haya, kunyweni. Lakini mkumbuke kwamba mwaka jana mama huyu aliugua, akashindwa kuja kuchimba pamoja nanyi, mkawanyima ndama wake maji mpaka wakafa.

Hakuna aliyekunywa. Tulikuwa tumeshinda, na hatukuwa tumewahi kushindwa vile.

Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Mto ukikauka, majirani walichimba kisima mchangani kwa pamoja, na asiyechimba hanywi. Ni sheria nzuri hadi imkute mgonjwa. Mwaka ule Mama Mwanaidi alikuwa amechimba chake peke yake na kukiwekea miiba. Wakubwa nyumbani walimwita mchoyo, wengine wakanong'ona kuwa ni mchawi, na akipita njiani watu waligeuka upande. Nilimuuliza Mwanaidi taratibu kama adui yule ni mama yake. Alikuwa akiokota kokoto zake, hakuniangalia.

"Nataka mtu mmoja tu amwamkie," alisema.

Tukaenda wote kisimani kwa mama yake. Tuliposimama kwenye miiba tukasema shikamoo tukiwa tayari kukimbia, maana habari za uchawi tulikuwa tumezisikia. Alikuwa ndani ya kisima, mchanga umemfika magotini. Akaitikia marahaba, akapanda juu. Akasogeza miiba, nasi tukashika vibuyu tukaanza kutoa mchanga. Jioni mama yangu alikuja kunitafuta na fimbo mkononi. Aliponiona nimejaa tope, na mwenye kisima pembeni yangu, alisimama pale akitutazama. Mwishowe aliiweka fimbo chini, akajifunga khanga kiunoni, akashuka. Mama alipenda sana kutuambia kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kiangazi kile hakuitaja tena methali hiyo.

Basi nilimwambia Neema adui wake ampe kwanza kidonda, mapembe yatafuata. Sasa hivi nawasikia. Hakuna aliyegusa simu. Mmoja ameuliza kama inaruhusiwa kumwomba adui msamaha badala ya kumpiga. Nimefurahi hadi nimeunguza vitunguu. Watoto wa siku hizi bando likiisha hudhani dunia imesimama, lakini ukiwapa hadithi ya mtu wanaielewa upesi kuliko tulivyoielewa sisi.

Enzi zetu maji yalikuwa ya shida, na kila jirani tulimtambua hata kwa kikohozi chake. Leo bomba liko uani kwangu, geti lina kufuli, na juu ya ukuta nimepanga vipande vya chupa. Mama aliyehamia nyumba ya pili ana mwaka sasa, wala jina lake silijui. Juzi nilisikia anaumwa.

Wageni wa Neema wakiondoka, nitakwenda kumpigia hodi.