Nilivyotumwa Durban Kulirudisha Jina la Dada

Wengine hutumwa Afrika Kusini kuleta friji. Mimi mama alinituma kuleta jina. Dada yangu Neema, anayefanya kazi za ndani Durban, alipiga simu dukani kwa jirani yetu hapa Morogoro akasema siku hizi anaitwa Grace, kwa sababu bosi wake, mzungu, amemwambia kuwa kwa lugha ya kwao "nema" ni mwanamke bubu. Sasa, mama alimzaa Neema baada ya kuitwa tasa na ukoo mzima wa baba. Jina hilo lilikuwa jibu lake. Simu ilipolia tena mama akauliza nani, akasikia Grace. "Simjui," akasema, akakata. Tangu hapo hawakusemezana, na mimi kitindamimba, nisiye na kazi ila kuota kuona dunia, nikawa balozi.

Kwenye basi, Zambia nzima niliimaliza nikitunga hotuba ya kumshinda huyo mzungu. Zimbabwe nikaifanyia masahihisho. Beitbridge askari wa mpakani akaniuliza nakwenda kufanya nini, nikamweleza ukweli wote, kuanzia kwenye utasa. Akagonga muhuri haraka, nadhani aliogopa nisije nikaanza upya.

Durban niliingia asubuhi. Neema alinipokea stendi, tukalia kidogo, tukacheka, tukaenda kwake Albert Park, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ni pambo. Amepanga chumba kwa Mama Chantal, Mkongo mwenye saluni.

"Karibu, petit," Mama Chantal akaniambia, yaani mdogo kwa Kifaransa chake. "Chakula iko. Jina ya dada yako ndiyo haiko."

Tukiwa tunakula ndipo nikajua kuwa bosi alikuwa kisingizio tu. Sokoni na kwenye teksi, ndizo daladala za huko, watu humsemesha Kizulu, asipojibu humwita kwerekwere, yaani mtu ambaye maneno yake ni makelele matupu.

"Bosi alipolicheka jina langu, nikaona amepatia," Neema akasema. "Mchana kutwa mimi ni bubu. Grace angalau wanaliweza."

Hotuba yangu ya nchi mbili ikafia hapo hapo kwenye ugali.

Kesho yake tulipanda hadi Berea, mtaa wa kilimani, kwa huyo bosi, Mister Milan, mzee wa Kiserbia, mjane, aliyewahi kufundisha lugha za kale kwao. Nyumba yake vitabu vinalala kitandani na paka analala juu ya vitabu. Nilikwenda kwa vita, akanipa chai na jamu. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, kwa hiyo Neema akatafsiri. Nikauliza hilo neno lake la bubu limetoka wapi. Uso ukamng'aa kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu.

Akachora nyota kwenye gazeti, akaandika neno la mababu wa Waslavi: *němъ. Nyota hiyo, akasema, maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuliona neno hilo limeandikwa. Wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye, Kirusi, Kipolandi, Kiserbia. Nikauliza kama serikali inalipa watu kwa kukisia. Akasema zamani ilikuwa inalipa. Asili yake bado wanabishania. Wapo wanaodhani lilianza kama mwigo wa mtu anayemumunya maneno. Lakini mababu hao wa Waslavi walipokutana na Wajerumani, waliwasikiliza, hawakuambulia kitu, wakawaita mabubu. Hadi leo kwao Mjerumani ni nemac.

"Wajerumani waliotutawala sisi?" nikasema. "Wale walikuwa wakifoka mchana kutwa."

"Kufoka hakuhesabiwi," akajibu. "Bubu ni yule ambaye wewe hukujifunza lugha yake."

Neema alinitafsiria hilo, kisha akamgeukia mzee. Akaanza kumweleza kwa Kiingereza habari za mama na simu. Mzee akaweka kikombe chini. Kumbe alidhani Grace ni jina la ubatizo! Alikuwa ametania tu. Akasema tangu mkewe afe, yeye naye Kiserbia anaongea na paka, na paka mwenyewe ni wa hapa hapa. Halafu akataka afundishwe la kumwambia mama.

Jumapili alishuka Albert Park, kwenye simu ya Mama Chantal, na Mama Chantal ndiye akawa mwalimu. Akampa maneno mawili, la kwanza jina la dada. Mzee akacheka, kwani "nema" kwao pia ni "hakuna", neno jingine kabisa, lakini akayarudia kama mtoto wa chekechea. Nikabana sikio langu kwenye simu pamoja naye.

"Nani?" mama akauliza.

"Neema iko."

Neema alikuwa ameshika shingo ya blauzi yake.

"Yupo," mama akasema. "Iko ni ya sufuria. Sema yupo."

"Neema yupo."

"Basi mpe simu."

Nikatoka nje kwenye korido ili wasinione nikilia.

Morogoro nimerudi mikono mitupu, na majirani wananicheka. Neema na mama huongea kila Jumapili. Kwenye teksi bado ni Grace. Mama hajauliza na hajaambiwa. Nami nimejifunza kuwa ububu mara nyingi uko kwenye masikio ya msikilizaji. Nilipomweleza mama hivyo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Yule mzungu, masikini. Ana maneno mawili tu."

"Mama, yule anajua lugha saba."

"Mimi nimesikia mawili."