Mashine Iliyokatwa Miguu

Baba yangu alilipwa kiinua mgongo kwa mashine ya michezo. Hoteli aliyoifanyia kazi ufukweni Malindi ilipofungwa, wenyewe walikuwa wameishiwa, basi wafanyakazi wakagawiwa vilivyobaki ndani. Mpishi alipata friji kubwa. Mtunza bustani alipata viti vya plastiki hadi akakosa pa kuviweka. Baba, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha michezo tangu sijazaliwa, akapewa sanduku la mbao refu kumshinda yeye, ambalo watoto wa wageni walikuwa wakilitia sarafu, wakashika usukani na kuendesha gari la mashindano kwenye skrini. Ubavuni palichorwa gari jekundu lenye magurudumu makubwa meusi, chini kabisa, karibu na sakafu.

Ililetwa nyumbani Mambrui kwa pikapu ya kuazima. Mama alitoka mlangoni, akaizunguka, akauliza, "Hii inapikwa, au inachomwa?"

Mimi nilikasirika, na sitadanganya kwamba hasira ile imeisha. Mtu huwezi kumtoa asubuhi nyumbani kwake umri mzima halafu ukamkabidhi sanduku. Lakini baba hakulalamika hata mara moja. Aliipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu, akaifunika shuka ya hoteli. "Vitu vya zamani vina watu wake," aliniambia. "Iko siku atakuja mtu."

Chumvi ndiyo iliyotangulia kuja. Hewa ya kwetu hutafuna chuma huku unatazama, na haukupita muda skrini ile ya mgongo mnene ikazima, ubao wa mchezo nao ukaota kutu ya kijani. Nilikuwa nimesoma umeme wa redio na televisheni katika chuo cha ufundi, nikamwambia baba tusiiache ikafa. Tulitoa vya ndani vyote. Tukatia skrini bapa, na kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani iliyobeba michezo mingi kuliko tutakayoweza kuicheza. Usukani tukaung'oa, tukatoboa mbao na kuweka vijiti viwili na vitufe vya rangi, ili watu wawili wacheze pamoja. Baba aliimba kazi nzima. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile alipokuwa na mwajiri.

Mama alikuwa hajawahi kukanyaga ndani ya hoteli ile. Jamaa za wafanyakazi mwisho wao ulikuwa getini. Kwa hiyo jioni ya kwanza alipokuja na sinia lake la mchele wa kuchagua, akasimama nyuma yetu, nilijua anatazama nini. Alikuwa anamtazama mumewe kazini.

"Hebu nipishe," akaniambia mimi.

Alicheza vibaya sana na akapenda sana. Taabu ilikuwa goti. Goti la kulia lilikuwa limemharibikia siku nyingi, na kabla ya mashindano kwisha alikuwa ameshika ukuta. Tukamletea kiti, akawa chini mno, haoni ila paji la uso wa mashine. Siku ya pili, baada ya alasiri, nilimkuta baba uani ameilaza mashine ubavu, ana msumeno mkononi. Aliikata shubiri mbili kutoka chini, kuzunguka pande zote. Kile kipande cha chini akakipigilia ubao juu, akatia mto, kikawa kiti cha mama, kipana, kizito, hakitikisiki. Basi gari likabaki ubavuni mwa mashine, na magurudumu yakawa chini ya mama.

Tangu hapo, kila alasiri mpaka adhana ya magharibi, wale wawili walikuwa bega kwa bega mbele ya skrini. Mama aliiba mchezo waziwazi. Akiona anashindwa humfinya baba mkono, gari la baba likaingia ukutani, naye akamcheka. Nikipita na kuwasikia nilikuwa nikijikuta natabasamu peke yangu jikoni.

Kisha daktari wa Mombasa akasema goti halina dawa tena, ni upasuaji. Baba alirudi kutoka huko, na baada ya chakula akaniambia, "Sasa ndiyo siku yake. Nitafutie mtu wa mashine." Nilituma picha yake, na mnunuzi mmoja wa Nairobi, anayekusanya mashine hizi na kuziuza ng'ambo, akaahidi kufika kwetu akija Kilifi kutazama nyumba.

Alikuja kijana mpole, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. "Shikamoo, mzee," akamwamkia baba, kisha mama, aliyekuwa ameketi pale pale pake. Baba alimpokea kwa kahawa na kaimati, halafu akaanza kuisifu mali yake kama tunavyosifu sisi kitu kinachouzwa.

"Skrini mpya hiyo," baba akasema. "Ya zamani tumeitoa."

Yule kijana akaandika kitu kwenye simu.

"Mchezo ulikuwa mmoja tu. Sasa huwezi kuimaliza michezo iliyomo. Na vijiti hivi, tumetoboa wenyewe. Rangi hii ya mbele nimeipiga juzi, kwa ajili yako."

Huku kwetu ukitaka kuuza baiskeli unaitia rangi. Ukitaka kuuza nyumba unaipaka chokaa. Kitu kilichotunzwa ni kile kilichoguswa. Kumbe kwa watu wa mashine hizi mambo ni kinyume, na kijana alitueleza kwa upole, uso ameuinamisha. Iliyo kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa imezima, ndiyo yenye bei. Iliyobadilishwa hushuka. Iliyotobolewa hushuka zaidi. Kila baba alipodhani anapandisha bei alikuwa anaishusha, na mimi niliyemshawishi kuitengeneza nilitamani ardhi inimeze.

"Kama ilivyo," kijana akasema, "naweza kutoa bei ya mbuzi wawili, mzee. Nisamehe."

Baba aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka akiburuta mzigo uliofungwa shuka ya hoteli. Alikuwa hajatupa kitu. Skrini ya mgongo, ubao wa mchezo, usukani, mlango wa sarafu na ufunguo wake, hata skrubu ndani ya kopo la maziwa. Kijana alipiga magoti sakafuni akavishika kimoja kimoja, na uso wake ukabadilika. Vyote hivi vinatengenezeka, alisema. Matundu ya mbele yanazibika. Akaigeukia mashine, akainama ubavuni.

"Ila gari halina magurudumu. Kile kipande cha chini kipo? Kikiwapo, yupo fundi anayeweza kukirudisha mahali pake usijue kama kilikatwa." Akataja bei. Ilikuwa goti zima, na nauli, na dawa za baadaye.

Mama alikuwa ameshatandaza leso yake. Sikuona alipofanya hivyo, lakini ilikuwa imekizunguka kiti pande zote hadi sakafuni, na juu yake yeye ameketi mikono mapajani, kama bibi harusi.

"Mama," nikasema, "inuka."

"Siinuki."

"Mama, ni goti lako hilo!"

"Ndiyo, ni langu."

Kijana alituangalia bila kuelewa. Mimi sauti ilikuwa imeshapanda, mbele ya mgeni, na sikujali. Nilitaka kumwinua kwa nguvu. Baba ndiye aliyeninyamazisha kwa mkono. Alimtazama mama muda mrefu. Nilijua anavyoitaka ile pesa, maana usiku nilimsikia akimkanda lile goti huku akimwomba Mungu.

"Kipande kipo," akamwambia kijana. "Lakini kina mwenyewe, na mwenyewe hauzi."

Mgeni alipoondoka baba aliketi karibu na mama. Hakugomba. Alimuuliza tu, "Kwa nini?"

"Miaka yote ile ulikuwa ukiwachezesha watoto wa watu, nami nakungoja mlangoni," mama akasema. "Sasa nimekupata. Unataka kuniuzia pahala pangu?"

Baba alilia. Sijui kama ningepaswa kuliandika hilo, lakini alilia, na mama akamfuta kwa pembe ya leso ile ile.

Goti lilitibiwa, kwa njia ndefu. Baba aliikodisha minazi yake kwa mwenye kuuza madafu, nasi watoto tukachanga, na tulipopungukiwa tukachanga tena. Wakati huo wote mama alikuwa akitembea kwa kushika kuta, na mimi kila nikimwona nilikuwa na hasira naye, na namba ya yule kijana nilikuwa nayo katika simu. Akapasuliwa. Akarudi na mkongojo, akafanya mazoezi aliyopewa, huku akiyalaani moja moja.

Wiki iliyopita niliingia baada ya alasiri nikamkuta amesimama mbele ya mashine, bila mkongojo, ameinama kama anayefua.

"Fupi hii," akanung'unika. "Nani kaikata?"

Baba alicheka hadi akakohoa. Mama akakisukuma kile kiti kwa mguu wa kulia. "Kitieni chini yake. Mgongo unaniuma."

Tulikiondolea mto, tukaung'oa ubao wa juu, tukaiinua mashine mimi na baba, tukaiweka juu yake. Alama za msumeno zilikutana. Baba akapitisha kiganja kwenye kiungo kile, taratibu. Lile gari jekundu lilikuwa na magurudumu yake.

Niliwaza yale ambayo ungeyawaza wewe pia, namba, simu, bei. Mama aliniona nikiwaza. Alinyoosha mgongo, akashika kijiti chake.

"Wewe siku ile ulinambia niinuke," akasema. "Haya. Nimeinuka."

Akabonyeza kitufe cha kuanza, na baba akaja kusimama kando yake.