Nyongeza ya Minji Iliyokwenda Ulaya

Mnisamehe makosa ya herufi na mwandiko unaopanda mlima. Niliishia darasa la nane, na kalamu bado hatujazoeana. Nimestaafu kazi ya kupakia minji Endarasha baada ya misimu minne, nami nawaandikia ninyi mnaoanza.

Siku ya kwanza Msimamizi alinipa meza ya kuchagua. Ganda la njegere lenye doa, kando. Lililopinda, kando. Mimi huona haya kuongea, kwa hiyo minji ilinifaa. Msimu wa nne akanipandisha kwenye mizani.

"Kilo mbili kamili, funga, bandika karatasi ya uzito. Jioni lori ya friji, kesho kutwa inaliwa Ulaya. Umeshika?"

Nilishika. Lakini mama yangu huuza minji sokoni Gatitu, na sijawahi kumwona akimpimia mteja bila kuongeza konzi moja ya mkono. Niliona aibu kumnyima mtu wa mbali hivyo. Kila katoni ilipotoka kwenye mizani, niliitia konzi. Zilizokataa kufungika nilizikalia.

Kesho yake simu ikalia kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi: uzito haulingani na karatasi, mzigo wote umeshushwa. Tukikosa ndege ya jioni, minji ya wakulima wetu itatupwa.

"Nani ameongezea?" Msimamizi akauliza.

Nikainua mkono.

"Ati nyongeza? Kwani unamjua huyo mzungu?"

"Simjui, mkubwa. Ndiyo maana. Mteja mpya ndiye huongezewa."

Alichukua funguo za gari. "Ingia kwa pikapu. Hizo konzi utazitoa wewe mwenyewe."

Huko Nairobi sikuona ndege hata moja, niliona katoni. Nilipunguza, Msimamizi akapima, hadi mzigo ukakubaliwa. Minji iliyobaki tukawagawia askari wa lango. Mmoja akapokea mfuko wake, akauchungulia, akauliza, "Na nyongeza?"

Msimamizi akanitupia jicho, kisha akamwongezea kwa mkono wake mwenyewe.

Hakunifuta. Alinirudisha kuchagua, na msimu ulipoisha nikastaafu. Sasa niko na mama Gatitu. Nimewaza sana: lori na ndege zimeleta Ulaya karibu na Endarasha, lakini mteja haoni uso wako, na mizani haina mkono.

Tulipokuwa tukirudi nilikumbuka katoni moja ya pembeni ambayo sikuifungua; konzi moja haikuonekana katika uzito wa mzigo wote. Sikumwambia Msimamizi. Kama uko na ndugu huko Ulaya aliyepata minji iliyojaa kupita kiasi, tafadhali niandikie, uniambie kama alirudi kununua.