Jumamosi Utachukuliwa

Niseme mapema kwamba sikuwa mshirika wa kanisa lile, na hadi leo watu wake hawanipendi, wala siwalaumu. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchaji simu za watu kwenye kibanda kando ya soko dogo la Hai Mauna, hapa Juba. Nilikuwa na jenereta ya kelele, ubao wa soketi, redio, na mdomo ambao marehemu mama aliniambia utakuja kuniponza. Kila simu niliibandika plasta yenye namba. Namba kumi na nne ilikuwa ya Nyanut.

Nyanut alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye baraza la duka moja kule Hai Jalaba, na jioni alirudi Hai Mauna alikopanga chumba kimoja. Kwao ni Abyei, mpakani, mji unaogombaniwa na kaskazini na kusini. Vita vilimtoa huko akiwa msichana, yeye na mdogo wake Chan wakafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa miguu, na huko Kenya ndiko walikokulia, kama mimi Thiik ninayesimulia. Mama yao, Adut, walipotezana naye njiani. Kwa miaka kumi na mitatu walimhesabu pamoja na wafu. Mkataba wa amani uliposainiwa, Nyanut akarudi, akauliza huku na huko, akamkuta Abyei kwenyewe, mzima, nywele nyeupe, anauza bamia kavu. Aliniambia hawakulia siku hiyo. Walikaa kwenye mkeka wakashikana mikono mpaka jua likazama, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuachia.

Tangu hapo maisha ya Nyanut yalikuwa na shabaha moja tu, kumleta mama Juba aishi naye. Mwaka 2008 Abyei ilipochomwa moto, bibi Adut alikimbia, akarudi, akajenga upya, na kuanzia hapo akawa hana swali lingine kwenye simu ila ni lini. Nyanut akapata kiwanja mtaa wa New Site, hukuhuku Juba. Akachimba msingi wa vyumba viwili. Mama akaagiza kwa simu kwamba mlango wa chumba chake utazame barabara, apate kuona nani anakuja, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa ya kungoja watu.

Mwishoni mwa 2010 Nyanut alikwenda New Site na mifuko ya saruji akakuta ukuta umeshasimama juu ya msingi wake, na bwana mmoja mwenye sare na karatasi yenye mhuri. Alizunguka ofisi miezi miwili. Kila alikofika aliambiwa malesh, yaani pole, kwa sauti ya mtu anayekufukuza. Sisi tuliokulia Kenya tuna neno la mambo hayo. Kiwanja cha Nyanut kilinyakuliwa.

Ajabu ni kwamba neno hilohilo lilikuwa likivuma kanisani kwake kwa maana nyingine. Mchungaji Yafesi, Mganda seremala, mtu mpole kabisa, alihubiri kwenye jengo la mabati nyuma ya karakana yake ya milango na vitanda. Alikuwa amepata vikaratasi vya mzee mmoja wa redio huko Marekani, aliyepiga hesabu za Biblia akatangaza kuwa unyakuo, siku ya Bwana kuwachukua watu wake juu, ni tarehe ishirini na moja Mei 2011, saa kumi na mbili jioni. Nyanut aliponieleza, nilimwambia hapa Juba unyakuo ulianza zamani, isipokuwa wenzetu wakinyakuliwa huwa wanabaki hapahapa chini. Nilidhani atacheka. Akachukua simu yake akaenda.

Lakini alirudi, na toka siku hiyo akaniita Tomaso, yule mwanafunzi wa Yesu asiyeamini mpaka aone. Kila asubuhi alileta simu na daftari, akauliza dunia imesemaje. Mimi nasikiliza redio kutwa, basi nikamsimulia. Tulikuwa tumepiga kura ya kujitenga Januari. Tunisia rais amekimbia, Misri wamejaa uwanjani, Libya wanauana. Mwezi wa tatu Japani nchi ikatetemeka na bahari ikapanda ikala miji. Mwezi wa tano ulipoanza, yule mtu waliyemtafuta Wamarekani miaka kumi akauawa nyumbani kwake Pakistani. Nyanut aliandika yote kwa mwandiko mzuri wa shule, na Jumapili daftari lilisomwa mbele ya watu kama orodha ya dalili. Asubuhi moja redio haikuwa na jipya, nikamwambia kuku mmoja mjini Yei ametaga yai lenye namba ishirini na moja. Na hilo akaliandika. Jumapili ileile Robinah, mama Mganda aliyepika chakula jirani na kibanda changu, akanisimulia jinsi mchungaji alivyomhubiri yule kuku hadi watu wakaanguka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikumwambia mtu kwamba kuku ni wangu.

Vijiji vya pembeni ya Abyei vilikuwa vimeshaanza kuungua mwezi wa tatu. Chan, aliyekuwa akiishi huko na mke na watoto, alipiga simu akasema mama anataka kuja sasa, hata kama ni kulala chini, na kwamba lori la kwenda Wau, njia ya kuja Juba, lina nafasi. Nyanut akaomba siku chache. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mwezi wa tano. Nilimuuliza anangoja nini. Nilisema kwa ukali, kwa kuwa nilimpenda kama dada yangu, na hasira yangu kwa watu ninaowapenda haina adabu.

"Mlete mama, dada," nikamwambia. "Mbinguni anaweza kufika hata akitokea Juba."

"Nimlete kwenye chumba gani, Tomaso?" akajibu. "Msingi wake amejengea mtu mwingine. Zimebaki siku chache. Nikimtoa kule kwa lori, mifupa ile, atafia njiani siku tatu kabla ya kupumzika milele."

Jumatano, siku tatu kabla ya tarehe ile, alimpigia mama yake akiwa amesimama mbele yangu, simu bado iko kwenye waya. Mimi ni Mdinka wa Bor, na Kidinka chetu na cha Abyei vinasikilizana. Kwa Kidinka alikosa neno la unyakuo, kwa sababu tuliokulia kambini mambo yetu ya Mungu tuliyajifunza kwa Kiswahili. Akasema kwa maneno ya kawaida, "Mama, usiondoke hapo. Jumamosi utachukuliwa." Bibi akauliza kitu nisichokisikia. Nyanut akacheka, uso umechanua nisivyowahi kuuona, akajibu, "Ndiyo, mama. Tutakuwa pamoja. Jiandae tu." Mimi nilikuwa nabandika plasta. Nilisikia kila neno na sikufikiri chochote.

Jumamosi yenyewe waumini waliingia kanisani tangu mchana. Nyanut alikuwa amewashonea wanawake wote magauni meupe yasiyo na mifuko, maana walikokwenda hakuna cha kubeba, na yeye simu yake aliiacha kwangu, tena kwa mzaha, akasema nikimwona anapita juu nimrushie. Saa kumi na moja na nusu hivi namba kumi na nne ikalia ujumbe. Ulitoka kwa Chan. Hao wawili waliandikiana Kiswahili tangu kambini. Nikasoma, Mungu anisamehe, sikupaswa kusoma.

"Abyei imenyakuliwa. Mama hatuko naye. Nitapiga."

Nilielewa papo hapo. Wiki nzima redio ilikuwa ikisema jeshi la Khartoum linasogea. Nikaacha kibanda na simu za watu, nikakimbia nikiwa na viatu vya ndara, kimoja nikakipoteza. Kanisani walikuwa wamesimama, wanaimba taratibu, na Nyanut yuko mbele karibu na mchungaji. Nikampenyezea simu mkononi nikamwambia kuna ujumbe wa Chan. Nilitaka ausome kimyakimya tutoke nje. Yeye akausoma kwa sauti, kwa kuwa kwao siku ile kila habari ilikuwa ya wote.

Aliposema Abyei imenyakuliwa, wimbo ulikatika. Aliposema mama hatuko naye, Robinah akapiga kigelegele, na wanawake wote wakaitikia, mabati yakalia.

"Mama yake imeenda," Robinah akawa anawaambia waliokuwa nyuma, machozi yanamtiririka. "Abyei imetangulia. Sisi iko nafuata."

Mchungaji Yafesi alipiga magoti. Watu walikumbatiana. Nyanut alisimama katikati yao, mikono juu, anatetemeka kwa furaha, na mimi nimerudi nyuma hadi mlangoni na kiatu kimoja, nikiwa mtu pekee mle ndani niliyejua wanashangilia nini. Akaniona. Akaja mpaka nilipo akanishika mabega.

"Tomaso," akasema, "sasa unaamini?"

Mdomo huu, ambao haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe, uliniangusha. Ningeweza kusema si unyakuo huo, dada, ni ule wa New Site. Ni maneno machache tu. Nilimtazama usoni nikasema naamini. Uongo wa kuku nilicheka nao, lakini huu nimelala nao kila usiku tangu siku ile.

Nikaondoka. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Walingoja hadi saa moja, wakafikiri saa ya mchungaji inakwenda mbele. Saa moja na kitu simu yake ikalia, alikuwa Chan akipiga kutoka Agok, ng'ambo ya mto. Robinah aliniambia baadaye kwamba Nyanut alipokea akicheka, akamuuliza Chan mbona yeye ameachwa.

Wiki zilizofuata nilimwona akipungua. Alileta simu asubuhi na jioni, kwa sababu alikuwa akiwapigia watu wa Agok na Turalei, walikokimbilia watu wa Abyei, kutwa nzima kuuliza habari za bibi mwenye nywele nyeupe. Hakuniita Tomaso tena. Hakuuliza dunia imesemaje. Kuhusu kule kusema naamini hakunigusia hata mara moja, nami sikuwa na ujasiri wa kuligusia jambo hilo. Mchungaji Yafesi aliwaomba watu radhi hadharani, akalia, akarudi kwenye milango na vitanda vyake. Kanisa likafa. Magauni meupe ukayakuta sokoni, yameshonewa mifuko.

Tarehe tisa Julai nchi ilipata uhuru. Juba yote ilimiminika kwenda kuona bendera ikipanda, na mimi nilibaki kibandani kwa kuwa watu wangetaka simu zenye chaji jioni. Nyanut akaja. Hakuwa amevaa vizuri. Akakaa kwenye benchi langu, tukawa tunasikia ngoma kwa mbali.

Akasema amepata habari. Jirani wa mama yake, mwanamke aliyetoka Abyei mwisho kabisa akiwa na mguu wenye jeraha, alikuwa amefika Turalei, na Chan amekwenda kuzungumza naye. Alieleza polepole, macho yake kwenye jenereta, na nitayaweka hapa kama alivyoyasema.

Ijumaa ile watu walipoanza kukimbia, Chan alimshika mama mkono, mama akakataa kuinuka. Alisema Nyanut amemwambia asiondoke. Alisema Nyanut analeta gari. Alimuuliza kabisa Jumatano kwenye simu, ni nyinyi wenyewe mtakuja, na Nyanut akasema ndiyo, tutakuwa pamoja. Chan alibishana naye hadi watoto wake wakaanza kulia, ikabidi awavushe watoto mto kwanza ndipo arudi. Hakuweza kurudi.

"Yule jirani alimwona Jumamosi," Nyanut akasema. "Alikuwa ameoga. Amefunga vitu vyake kwenye shuka, amekaa mlangoni anatazama barabara. Jirani akamwambia twende, mama akasema wewe tangulia, mimi nitachukuliwa. Halafu magari ya jeshi yakatokea kule mwisho wa barabara, vumbi tupu. Jirani alipogeuka nyuma akamwona mama ameinuka, amejitwika mzigo wake, anayapungia mkono yasimame."