Kucha Kumi za Elina

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha glavu nilivuliwa leso mlangoni. Nisikilizeni vizuri, wajukuu zangu: leso! Mimi nimetoka kwangu Port Reitz asubuhi, nimejifunga moja kiunoni na nyengine mabegani, mtu na heshima zangu, nasimamishwa na mama mmoja mrefu mwenye koti jeupe. Akanitazama juu mpaka chini.

"Hiyo itabaki nje," akasema. "Na hiyo pia."

"Na mimi mwenyewe nibaki nje?" nikamuuliza.

Hakucheka. Huyo ndiye aliyekuwa Msimamizi wetu, mama wa kutoka bara, mkali, lakini mkali wa haki. Akanieleza kuwa leso inatoa vinyuzi, na kinyuzi kikiingia kwenye mshono kitakwenda nao mpaka angani. Akanikata kucha yeye mwenyewe kama mtoto wa nasari, akanivalisha kofia ya kuficha nywele, kisha akanipa amri ya mwisho: ni marufuku kulowanisha uzi kwa mate.

"Wallahi, hiyo ndiyo itakayokushinda," akaninong'oneza mama wa kiti cha pili. "Mimi mwezi mzima ulimi wanitoka wenyewe." Huyo ni Mwanaisha wa Likoni. Tulikuwa kazi moja tangu zamani, yeye akatangulia chumba kile, lakini urafiki wetu ulianzia hapo.

Sasa mtaniuliza, Nyanya na shule yako ya darasa la tatu ulifikaje huko? Nilifika kwa kola. Nilianzia kiwanda cha mashati, Changamwe, kwenye laini. Laini maana yake mnakaa foleni na cherehani zenu, huyu anatia mkono, yule kifungo, shati linapita mbele yenu halisimami. Mimi nilikuwa wa kola, na kola yangu ilikuwa inakaa shingoni kama imezaliwa hapo. Kutoka hapo nikachukuliwa na karakana moja karibu na uwanja wa ndege. Tulishona vifuniko vya viti vya ndege, baadaye jaketi za kuokolea watu baharini. Ndipo Meneja akaja na habari za glavu.

Alitukusanya kwenye chumba cha chai. "Akina mama," akasema, "kuna nyumba inajengwa huko juu, inaizunguka dunia. Haiwezi kupandishwa nzima, ni kubwa mno. Inapelekwa chumba kimoja kimoja, na kuna watu wanapanda kwenda kuviunganisha."

"Mafundi wa mjengo," akasema Mwanaisha.

"Eeh, mafundi wa mjengo."

"Na fundi akiangusha nyundo?"

"Haianguki, Bi Mwanaisha. Inaelea, inakwenda zake. Kwa hivyo kila nyundo ina kamba, na fundi mwenyewe ana kamba."

Tukacheka mpaka chai ikapoa. Lakini Meneja hakuwa anafanya mzaha. Sisi ndio tutakaowashonea mikono.

Glavu ya angani, wajukuu zangu, ni glavu tatu ndani ya moja. Ya ndani kabisa ni mfuko wa hewa, kama puto, kwa sababu huko nje hakuna hewa. Ya pili ni kitambaa kigumu cha kulibana lile puto lisivimbe. Ya tatu ndiyo nyeupe mnayoiona kwenye televisheni, ya kuzuia jua na baridi. Sisi tulishona ya pili na ya tatu. Cherehani inakwenda mpaka kiganjani, hapo inashindwa. Ncha za vidole ni kazi ya mkono, sindano na kastabini, kile kikofia cha chuma unachovaa kidoleni usijidunge. Kwanza unapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu. Ukiona imekaa sawa, unashona mshono wa kweli, halafu unaifumua bandi polepole, usije ukavuta kisichovutika.

Na adui yetu alikuwa ukucha. Puto likijaa hewa, glavu inakuwa ngumu kama tairi la baiskeli. Fundi anakunja vidole kutwa nzima, ncha ya glavu inausukuma ukucha, inausukuma, mwisho unakufa na kung'oka. Mtu mwenye kidole kibichi hawezi kukaza bolti. Atarudishwa ndani, na kazi iliyompeleka itabaki haijafanywa.

Haya niliyajua kwa maneno tu, mpaka alipokuja Elina.

Elina alikuwa mwanaanga, na kwao ni mbali, nchi ya theluji. Kila mwanaanga alishonewa glavu kwa mikono yake mwenyewe, na yeye nilipewa mimi. Mwembamba, nywele fupi, Kiswahili amekiokota njiani, hiki na kile. Akaketi mbele yangu, akaiweka mikono mezani. Kucha mbili za mkono wa kulia zilikuwa zinaota upya, laini kama za mtoto mchanga.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Nini hii?"

Msimamizi akatafsiri. Zilimtoka kwenye mazoezi, wanapofanyia kazi ndani ya bwawa la maji wajizoeze kuelea, na glavu za kushonwa kwengine. Elina akaongeza jambo kwa sauti ndogo. Msimamizi akasema, "Anasema safari hii yeye ndiye wa kufunga kiungo cha vyumba viwili. Anaogopa mikono yake isije ikamwangusha mbele ya wenzake."

Nikaichukua ile mikono yake, nikaishika. Ilikuwa baridi. Nikasema moyoni, huyu hatatokwa na ukucha kwa glavu yangu.

Basi tukaanza. Nashona, anavaa, wanajaza hewa, anakunja. "Hapa?" namuuliza. "Hapa," ananijibu, anafinya uso. Nafumua. Wiki nyengine anakuja tena. "Hapa?" "Hapa kidogo." Nafumua tena. Msimamizi ananiambia, "Mama Kadzo, kitambaa kitakwisha." Namwambia kitambaa kinauzwa. Kidole gumba peke yake nilikirudia mpaka nikakiota. Hata ikafika siku Elina amekunja ngumi, amekunjua, amekunja tena, nami namuuliza, "Hapa?" Akatikisa kichwa. "Hapana hapa," akasema, na kicheko kikamtoka. Wakati huo zile kucha mbili zilikuwa zimesharudi.

Sasa sikilizeni mambo ya Mwanaisha.

Siku ya kuagana Mwanaisha alikuja na bakuli limefunikwa. Ilikuwa mapumziko ya mchana, tumekaa uani. "Mwanamke anakwenda safari kama ile," akasema, "na mikono mitupu kama mkimbizi? Haiwezekani." Akafunua. Hina! Imekorogwa tangu jana, imeiva. Elina akanusa, akacheka, akatoa mikono bila kuulizwa. Tukamtia kama bibi harusi, maua viganjani, na kucha zote kumi tukazijaza. Tukapiga vigelegele mpaka askari wa geti akaja kuangalia kuna nini.

Asubuhi yake akaja Daktari wa wanaanga kumpima kwa mara ya mwisho kabla hajaondoka. Ana kibanio kidogo, anakibana kwenye ncha ya kidole, kina taa inayopita kwenye ukucha na kusoma hewa iliyomo kwenye damu. Akakibana. Akakunja uso. Akahamisha kidole. Kila kidole kinaleta hesabu ya mgonjwa mahututi, na mtu mwenyewe amekaa anatabasamu.

Akaigeuza mikono. Akaona hina inaizibia taa yake njia.

"Nani amempaka rangi hii?"

Mwanaisha akainua kastabini yake juu, kama mtoto darasani.

"Itolewe."

"Haitoki, Daktari," akasema Mwanaisha. "Hii si rangi, hii ni hina. Inatoka na ukucha wenyewe."

Daktari akasema mtu asiyepimika hasafiri. Kila siku huko juu lazima hewa ya damu yake ijulikane. Yuko wa akiba, atakwenda wa akiba. Jamani! Mwanaisha akakimbilia jikoni akarudi na ndimu, akawa anamsugua Elina kucha huku analia, "Nimeua safari ya mtoto wa watu, mimi." Zile glavu hazimwingii mtu mwengine.

Elina hakulia. Aliuondoa mkono wake taratibu kwenye ndimu ya Mwanaisha, akamtazama Daktari, akashika ncha ya sikio lake, akaivuta. Basi.

Daktari akamwangalia. Akaliangalia lile sikio. Akafungua mkoba, akachakura chini kabisa, akatoa kibanio chengine, cha sikio. Akambana. Tukasubiri. Nilimwona Daktari akishusha pumzi.

"Mzima," akasema. Halafu, huku anakwepa macho yetu, "Hasira imenisahaulisha mkoba wangu mwenyewe." Alipofika mlangoni akamgeukia Mwanaisha. "Mama, safari nyengine niulize kwanza."

"Nikuulize nini tena? Lete mikono nikutie na wewe," akajibu Mwanaisha, machozi bado mashavuni.

Siku ya kazi yenyewe Meneja alileta televisheni kubwa kwenye chumba cha chai. Wengine walikuwa wanatazama dunia inavyong'aa chini yao. Mimi nilitazama vidole. Elina ananing'inia kwenye kamba yake, amekifikia kile kiungo, anakaza bolti, anapumzika, anakaza. Nikimwona amekunja gumba, na mimi langu linakunjika. Ilichukua muda mrefu, chai ikaletwa ikanywewa, mimi sikuigusa. Hata tukasikia wenzake wanashangilia, na Msimamizi akasema, "Kiungo kimefunga."

"Kucha," nikasema. "Nataka kuona kucha."

Walipomvua zile glavu ndani ya nyumba yao, aliitafuta kamera, akainua mikono yote miwili, vidole vimetawanywa. Shinani kucha zilikuwa nyeupe, zimeshaanza kukua, nchani nyekundu. Msimamizi, yule asiyecheka, akasogea mpaka pua inagusa kioo, akazihesabu kwa sauti. Alipofika kumi alikuwa ananishika bega.

Nilishonea wengine wengi baada yake. Nilistaafu macho yalipoanza kuona nyuzi mbili palipo na mmoja. Na miaka yote ile sikutia hina, hata kwenye harusi ya binti yangu, kwa sababu baada ya kisa kile Msimamizi aliipiga marufuku, kitambaa cheupe kisije kikachafuka.

Siku ya kuniaga akaja yeye mwenyewe na bakuli. "Lete mikono."

"Si ulikataza wewe?"

"Nilikataza wafanyakazi. Wewe si mfanyakazi tena."

Akanitia yeye, mtu wa bara, hajui, maua yamepinda kama njia ya mbuzi. Mwanaisha pembeni anamcheka. Sikuruhusu yaguswe.

Viganjani hina imeshafutika. Imebaki kwenye ncha za kucha tu, mwezi mwembamba. Jana mmoja wenu alikuja na wembe, "Nyanya, kucha zako zimekuwa ndefu, lete nikukate."

Nikampa miguu.